Msimu wa mechi moja

Ndugu msomaji, Jumamosi iliyopita nilikwenda Kariakoo kununua jezi. Vijana wa mtaani kwetu wana timu yao, wazazi tumechangishana, na kwa kuwa mimi nafanya kazi redioni nikaonekana ndiye mjuzi wa mambo ya mpira. Basi nikatwishwa mzigo wa kutafuta jezi za bei nafuu. Baada ya kuzunguka sana na jua la saa saba nikajikuta nimesimama Mtaa wa Aggrey, kwenye kivuli cha duka moja la simu. Kijana wa dukani akanikaribisha kwa heshima zote. Katika kuvuta muda nikamwuliza, "Hivi kijana wangu, huyu Aggrey alikuwa nani?"

Akacheka. "Mzee, Aggrey si ndio huu mtaa?"

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilipita mtaa ule miaka mingi pasipo kujiuliza swali hilo. Wengi wetu tukisikia jina hilo tunadhani ni la Mzungu fulani wa enzi za mkoloni. La hasha. Dk. James Aggrey alikuwa Mwafrika mwenzetu, mzaliwa wa Anomabu katika nchi ambayo leo tunaiita Ghana. Alizaliwa mwaka 1875, akasoma na kufundisha katika chuo kidogo huko Marekani, na mwaka 1924 akafika hapa Dar es Salaam. Nitarudi kwake baadaye. Leo nataka kuzungumza juu ya chuo hicho kidogo, na hasa juu ya timu yake ya mpira ambayo mwaka 1892 ilikuwa na msimu wa mechi moja tu. Mechi hiyo timu ilifungwa. Hata hivyo, zaidi ya miaka 130 imepita na watu bado wanaizungumzia.

Chuo chenyewe kinaitwa Livingstone, nacho kiko katika mji wa Salisbury, jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Kilianzishwa mwaka 1879 na kanisa la Wamarekani weusi liitwalo African Methodist Episcopal Zion, kwanza katika mji wa Concord, kisha mwaka 1882 kikahamia Salisbury. Utumwa nchini humo ulikomeshwa mwaka 1865. Kwa hiyo chuo kilizaliwa miaka 14 tu baada ya minyororo kukatwa, na wengi wa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto wa watu waliopata kuuzwa na kununuliwa kama mbuzi mnadani.

Msomaji utauliza, Livingstone yupi? Ni yule yule tuliyemsoma shuleni, aliyekutana na Stanley pale Ujiji mwaka 1871, na ambaye mwili wake ulibebwa na akina Chuma na Susi kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo mwaka 1874. Chuo kilipewa jina lake mwaka 1887. Na mji ule wa Salisbury una jambo jingine na ukoo huo ambalo watu wachache wanalijua. Mtoto wa Dk. Livingstone, aliyeitwa Robert, alijiunga na jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akitumia jina la uongo la Rupert Vincent. Akatekwa na watu wa Kusini, akatiwa katika gereza la mateka lililokuwa Salisbury, na humo akafa mwezi Desemba 1864 akiwa na umri wa miaka 18. Wakati huo baba yake alikuwa akipiga kelele dhidi ya biashara ya watumwa katika pwani yetu hii, biashara ambayo soko lake la Unguja lilikuja kufungwa mwaka 1873. Baba alipambana upande huu wa bahari, mtoto akafia upande wa pili.

Mkuu wa chuo alikuwa Joseph Charles Price, mtu mweusi aliyezaliwa mwaka 1854. Baba yake alikuwa mtumwa, lakini mama yake alikuwa mwungwana, na kwa sheria za huko mtoto alifuata hali ya mama. Price alijaliwa ulimi. Alikwenda Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1880, akahutubia huku na huko, akarudi na dola zipatazo 10,000 za kujengea chuo. Ndizo fedha zilizowawezesha kupata nafasi pale Salisbury, na mbele ya majengo kukawa na uwanja wenye majani. Juu ya majani hayo ndipo hadithi yetu ilipofanyika.

Sasa tuje kwenye mpira. Huu si kandanda letu. Mpira wa Kimarekani una umbo la yai, hubebwa mikononi, na anayeubeba hukimbilia mstari wa mwisho wa wapinzani huku akikamatwa na kuangushwa chini kama gunia la mchele. Siku hizo ulikuwa mchezo wa vyuo, na mabingwa wake walikuwa Yale, Harvard na Princeton, vyuo vya watoto wa wenye nacho. Mechi ya kwanza ya vyuo ilichezwa mwaka 1869 kati ya Rutgers na Princeton. Mwaka 1892 sheria zilikuwa tofauti kabisa na za leo. Kumrushia mwenzako mpira kwenda mbele kulikuwa marufuku, na kulikuja kuruhusiwa mwaka 1906. Kofia ngumu zile tunazoziona katika televisheni zilikuwa hazijaja. Kila kipindi kilikuwa cha dakika 45, na ulikuwa mchezo wa kifua na bega.

Katika mji wa Charlotte, mwendo wa kama kilomita 65 kutoka Salisbury, kulikuwa na chuo kingine cha watu weusi kilichoitwa Biddle, kilichoanzishwa mwaka 1867 chini ya kanisa la Presbyterian. Tangu mwaka 1923 chuo hicho kinaitwa Johnson C. Smith. Vijana wa Biddle, kama inavyosimuliwa, walikuwa wamejifua kwa kadiri ya miaka miwili, wakijifunza sheria za mchezo huo na kuzifanyia mazoezi wao kwa wao, kwa sababu hapakuwa na timu ya kucheza nayo. Mwaka 1892 wakawatumia wenzao wa Livingstone mwaliko wa pambano. Vijana wa Livingstone walikuwa ndio kwanza wameunda timu majira yale yale. Wakakubali.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji utulie kidogo, maana kwangu mimi hapa ndipo penye msimu wenyewe. Timu ya Livingstone haikuwa na mpira. Wachezaji wakachangishana senti kwa senti wakanunua mpira mmoja, mpira wa kanuni, siyo wa matambara. Hawakuwa na jezi. Wasichana wa chuo, waliokuwa wakijifunza ushonaji, wakachukua uzi na sindano wakawashonea. Hawakuwa na viatu vya michezo. Wakachukua viatu vyao vya kila siku, vile vile vya kuendea darasani na kanisani, wakavipigilia njumu. Aliye na jozi moja tu ya viatu anajua maana ya kuipigilia misumari kwa ajili ya mchezo wa siku moja.

Pambano likapangwa tarehe 27 Desemba 1892, siku mbili baada ya Krismasi. Siku hiyo theluji ikaanguka Salisbury. Sisi wa pwani theluji tunaiona katika picha, lakini hebu fikiria uwanja wote umekuwa mweupe kama umemwagiwa unga, na mistari yote imefunikwa. Wakacheza hivyo hivyo. Hakuna aliyesema ratiba imebana au uwanja mbovu. Biddle waliojiandaa kwa muda mrefu wakatangulia kufikisha mpira nyuma ya mstari wa Livingstone, wakapata bao lao.

Kisha likatokea lile ambalo kila mpenzi wa Simba na Yanga ataliona kama la jana. Mchezaji wa Biddle aliponyokwa na mpira. Kijana mmoja wa Livingstone, William Trent, akaudaka, akakimbia nao mpaka kwenye mstari wa mwisho. Shangwe! Wenyeji wamesawazisha! Lakini Biddle wakapinga. Wakasema mpira ulichukuliwa nje ya uwanja. Livingstone wakasema ulikuwa ndani. Mstari ambao ungeweza kutoa ushahidi ulikuwa umelala chini ya theluji. Mwamuzi akasikiliza huku na huku, kisha akaamua kwamba Biddle wanasema kweli. Bao likakataliwa. Mchezo ukaisha Biddle wakiwa washindi kwa bao lao hilo moja.

Basi, msimu ukawa umekwisha. Mechi moja, kufungwa moja, na ugomvi mmoja usioweza kuamuliwa mpaka kiyama, kwa sababu theluji ile iliyeyuka zamani.

Kwa hesabu za sisi watangazaji wa michezo, msimu kama huo ni wa kutajwa kwa sekunde tano na kusahauliwa. Kumbe haikuwa hivyo. Ile ndiyo mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kabisa ya mpira wa Kimarekani kati ya vyuo viwili vya watu weusi. Baada yake vyuo vingine vikafuata, mmoja baada ya mwingine. Kutoka katika mkondo huo wa vyuo alitokea kocha Eddie Robinson wa Grambling, aliyemaliza kazi mwaka 1997 akiwa ameshinda mechi 408, na wachezaji kama Walter Payton na Jerry Rice, ambao majina yao yanajulikana hata kwa wasiojua sheria za mchezo huo.

Na tunajuaje habari za njumu, sindano na theluji? Kwa sehemu kubwa tunazijua kwa sababu William Trent hakusahau. Yule kijana aliyenyimwa bao alihitimu mwaka 1898, akafanya kazi zake huko nje, kisha mwaka 1925 akarudi Livingstone kama mkuu wa chuo, akakiongoza mpaka mwaka 1957. Simulizi ya siku ile ilihifadhiwa chuoni kutokana na kumbukumbu zake. Kwa hiyo historia hii, kinyume cha mazoea, imeandikwa na aliyeshindwa. Mtu mwenye shaka anaweza kusema kwamba huenda bao lenyewe limekua kidogo kwa kusimuliwa na mfungaji. Inawezekana. Lakini angalia uungwana wake: simulizi ile ile ya Livingstone haifichi kwamba mwamuzi aliamua vingine na kwamba Biddle walishinda.

Naomba pia tusiutazame uwanja ule kana kwamba ulikuwa kisiwa. Nje ya ua wa chuo hali ilikuwa inazidi kuwa mbaya. Price alifariki Oktoba 1893, kabla hata mwaka haujatimia tangu mechi ile, akiwa na miaka 39. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ilihalalisha ubaguzi wa rangi kwa kisingizio cha huduma zilizotengwa lakini zilizo sawa. Mwaka 1898, katika mji wa Wilmington katika jimbo hilo hilo, Wazungu wenye silaha waliipindua serikali ya mji iliyochaguliwa na kuwaua watu weusi. Mwaka 1900 jimbo likapitisha masharti ya kujua kusoma ili kuwaondoa watu weusi kwenye daftari la wapiga kura. Na mwaka 1906, hapo hapo Salisbury, kundi la watu liliwatoa watu weusi watatu gerezani na kuwanyonga. Vijana walioshona, waliochanga na waliokimbia juu ya theluji walikuwa wakiishi humo. Ndiyo maana nasema mchezo ule haukuwa mchezo tu. Watu ambao nchi yao ilikuwa inawaambia kila siku kwamba hawawezi kujiendesha, walijiendesha: waliandika barua, walikusanya fedha, walisoma sheria, walimkubali mwamuzi hata alipowaumiza, wakarudi darasani.

Katika chuo hicho ndimo alimoingia kijana Aggrey mwaka 1898, miaka sita baada ya mechi. Alihitimu mwaka 1902, akabaki hapo kama mwalimu mpaka mwaka 1920. Mwaka ule wa mauaji ya Salisbury alikuwa anafundisha katika mji huo huo. Baadaye akateuliwa katika tume ya elimu ya Phelps-Stokes, akiwa Mwafrika pekee ndani yake, na mwaka 1924 tume hiyo ikazunguka Afrika Mashariki: Kenya, Uganda, Tanganyika, Unguja. Watu walimpenda kwa mfano wake wa kinanda, kwamba ukitaka muziki ulio kamili hauna budi kupiga funguo nyeusi na nyeupe pamoja.

Simulizi ya familia ya akina Sykes, ambayo imekwisha chapishwa vitabuni, inasema kwamba alipofika Dar es Salaam alikutana na Kleist Sykes, na akamshauri kwamba Waafrika wa hapa waunde chama chao cha umoja. Mwaka 1929 African Association ikaanzishwa, Kleist akiwa katibu wake. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuka kuwa TANU. Mengine unayajua.

Tafadhali usiniwekee maneno mdomoni. Sisemi kwamba uhuru wetu ulizaliwa kwenye theluji ya Salisbury. Aggrey mwenyewe hakuwepo siku ya mechi, na mtu mmoja hajengi nchi kwa ushauri wa siku moja. Ninachosema ni kwamba Aggrey alikulia kifikra mahali ambapo watu wasio na kitu walikuwa wamezoea kuchanga, kushona na kujipanga. Si ajabu hata kidogo kwamba alipoulizwa habari za umoja alikuwa na jibu.

Sasa niungame la kwangu. Nilisoma shule ya bweni ambayo timu yake kuna mwaka ilicheza mechi moja tu, kwa sababu lori lilikuwa bovu na fedha ya mafuta haikuwepo. Mimi nilikuwa mchezaji wa akiba. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa na daftari lililoandikwa kila kitu: nani alicheza, nani alichanga, nani alifua jezi, mabao yalifungwa dakika gani. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mtangazaji, nilirudi pale kulitafuta nitengeneze kipindi. Nikaambiwa makaratasi ya zamani yalichomwa moto ili stoo ipate nafasi. Niliondoka nimeshika kinasa sauti kisicho na la kunasa. Leo tukikutana tuliosoma pamoja tunabishana hata kama tulishinda au tulitoka sare. Sisi hatukuhitaji theluji kufunika mistari yetu.

Na katika kazi yangu nimefanya kosa lile lile kwa mdomo. Kwa miaka mingi nimesoma matokeo ya mechi, mbili bila, tatu moja, nikidhani nasoma historia. Young Africans ni ya mwaka 1935 na Simba chimbuko lake ni mwaka 1936, hayo tunayakariri. Je, nani alishona jezi zao za kwanza? Nani alitoa senti za kununua mpira? Hata simulizi nilizosoma za Livingstone, pamoja na uzuri wake, zinamtaja Trent aliyekimbia lakini hazitaji jina la msichana hata mmoja aliyeshika sindano. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunausemea methali hiyo utajiri wa dukani, kumbe na utajiri wa kumbukumbu ni vivyo hivyo.

Vyuo vile viwili bado vinakutana uwanjani, na pambano lao hufanywa kuwa la kumbukumbu ya siku ile. Washindi na washindwa wa mwaka 1892 wote wamelala kaburini. Aggrey naye alifariki New York mwaka 1927 na kuzikwa Salisbury, mbali na Anomabu na mbali zaidi na mtaa wetu huu wa Kariakoo.

Nilimweleza yule kijana wa duka la simu habari hizi kwa kifupi, naye akasikiliza mpaka mwisho, ingawa wateja walikuwa wanamsubiri. Akasema, "Basi mzee, kumbe nauza simu kwenye mtaa wa mwalimu." Nikamwambia naam.

Jezi nilizipata mtaa wa pili, za bluu, bila namba. Namba zitashonwa na jirani yetu mwenye cherehani, ambaye amekataa kulipwa. Kabla ya kupanda daladala nikaingia duka la vitabu nikanunua kaunta buku moja. Usiku ule nikafungua ukurasa wa kwanza. Nikaandika tarehe, kisha jina la kila mzazi aliyechanga na kiasi alichotoa, kisha jina la jirani yetu mshonaji. Majina ya wachezaji nimeyaachia ukurasa wa pili. Mechi ya kwanza ni Jumapili, na kwa timu hii nisiyoijua vizuri sitashangaa tukifungwa.

Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.